Taa ya bodi inawaka, kompyuta haioni kitu

Taa kuwaka si ushahidi wa chochote. Naanza hapo kwa sababu mazungumzo mengi kwenye meza yangu hapa Mwanza huanzia hapo, hasa ule msimu wanafunzi wa vyuo wanapokimbizana na projekti za mwaka wa mwisho za Arduino, ile bodi ndogo ya elektroniki unayoipakia programu yako mwenyewe. "Shikamoo fundi. Hii Arduino yangu inawaka lakini haikubali." Marahaba. Haikubali nini? "Haikubali tu. Nimeshaweka draiva zote."

Zote! Kijana kamaliza bando la wiki nzima kushusha draiva, zile programu zinazoiwezesha kompyuta kuongea na kifaa, na waya aliokuja nao ni ule uliotoka na spika ndogo ya Bluetooth.

Taa ya umeme kwenye bodi inahitaji nyaya mbili tu, ya volti 5 na ya hasi. Mawasiliano yanahitaji nyingine mbili, ambazo kwa kawaida ni ya kijani na nyeupe. Kebo nyingi zinazokuja na tochi za kuchaji, spika na vinyozi, ukizipasua utakuta nyekundu na nyeusi peke yake. Aliyeitengeneza hajamdanganya mtu: ni kebo ya kuchaji, na inachaji. Ukiichomeka kwenye Nano, ile Arduino ndogo, taa inawaka safi, programu iliyokuwemo tangu zamani inaendelea na kazi, na kompyuta haina habari kabisa kwamba kuna kitu kimechomekwa.

Ndiyo maana kabla sijagusa chochote nauliza: kompyuta inaiona au haiioni? Kwenye Windows fungua Device Manager, iache wazi, kisha chomeka na uchomoe bodi huku macho yako kwenye orodha. Ikitikisika, hata kwa kuleta alama ya njano, kuna kitu kimefika. Kwenye Linux andika `lsusb` kabla na baada ya kuchomeka ulinganishe, au acha `sudo dmesg -w` ikimiminika kwenye skrini.

Isipotikisika kabisa, achana na draiva. Draiva haijafikiwa bado. Kompyuta hutambua kuwa kuna kifaa kabla ya kujua ni kifaa gani: kwa bodi hizi zetu, chipu ya USB huvuta volti ya waya mmoja wa data kwenda juu kupitia rezista ya kilo-om 1.5, na kompyuta ikiona waya umepanda ndipo inaanza kuuliza "wewe nani?" Kama huo waya haumo ndani ya kebo, hakuna wa kuulizwa. Hata ukiweka draiva za dunia nzima, zitakaa tu kwenye diski.

Kupima kebo ni rahisi kama ncha yake inaingia kwenye simu yako. Ichomeke kwenye kompyuta. Simu ikiuliza kama unataka kuhamisha faili, kebo ina data. Tabu ni Nano. Nyingi za bei nafuu bado zinakuja na tundu la mini, la enzi za kamera za dijitali, na simu ya tundu hilo huipati leo. Hapo nachukua multimita, naiweka kwenye mlio, napima kila pini toka ncha hadi ncha huku naikunja kebo karibu na shingo, maana ndipo inapokatikia. Wenye Uno, ile Arduino kubwa kidogo, wana nafuu. Tundu lake kubwa la mraba ni lile la printa, na sijawahi kukuta kebo ya printa isiyo na nyaya za data; printa haichajiwi. Kwenye meza yangu ninayo kebo ya kila aina iliyopimwa, nimezipaka rangi ya kucha nyekundu kwenye ncha zote mbili, na haziazimwi. Aliyewahi kuazima kebo Makoroboi hapa mjini anajua kwa nini.

Tuseme orodha imetikisika. Sasa tunataka kujua tunaongea na nani, maana hapa ndipo watu wengi wanapopotea. ATmega328P, ile chipu kuu ya Uno na Nano, haijui USB hata kidogo. Inajua serial tu, njia ya zamani ya kutuma data biti moja baada ya nyingine. Kando yake kuna chipu ya pili ambayo kazi yake ni ukalimani: inasikiliza USB kutoka kwenye kompyuta na kuigeuza serial, halafu inarudisha majibu. Kwenye Uno halisi mkalimani huyo ni ATmega16U2. Kwenye zile tunazonunua Kariakoo kwa bei ya wanafunzi karibu kila mara ni CH340, ya kampuni ya WCH ya Nanjing, China. Bodi za ESP32, zile zenye waifai ndani, mara nyingi zina CP2102 ya Silicon Labs, au tena CH340. Draiva unayoitafuta ni ya mkalimani, si ya Arduino. Kijana anaposhusha "draiva ya Arduino" kwa ajili ya bodi yenye CH340 anajisumbua bure.

Kila chipu hujitambulisha kwa namba mbili, na nimeziandika kwa kalamu ya rangi ukutani juu ya meza: `1A86:7523` ni CH340, `10C4:EA60` ni CP2102, `0403:6001` ni FT232R, mkalimani wa kampuni ya FTDI, na zinazoanza na `2341` ni Arduino wenyewe. Kwenye Linux `lsusb` inakupa namba hizo moja kwa moja. Kwenye Windows bofya kifaa kwa kitufe cha kulia, nenda Properties, kisha Details, halafu uchague Hardware Ids. Mimi naamini namba kuliko maandishi ya juu ya bodi. Neno "UNO" unaweza kulichapisha popote, na muuzaji akikuambia "hii orijino mama" hujui anasema ya nani.

Ukishajua ni CH340, chukua draiva kwenye tovuti ya WCH yenyewe. Zile tovuti zenye kitufe kikubwa cha kijani cha DOWNLOAD zitakuwekea programu tatu usizozihitaji, na draiva inaweza isiwe mojawapo. Windows 10 na 11 zikiwa na intaneti mara nyingi hujitafutia zenyewe ukisubiri kidogo. Mimi naweka nakala kwenye flashi, kwa sababu umeme na mtandao havikosi siku ya kukatika pamoja.

Hizi namba zina historia yake ya vita pia. Oktoba 2014 FTDI walitoa draiva iliyosambaa kupitia Windows Update, na draiva hiyo ilipokutana na chipu bandia ya FT232 iliibadilishia namba ya pili kuwa `0000`. Bodi iliyokuwa inafanya kazi jana ikawa haitambuliki leo, na mwenye bodi hakuwa amefanya lolote. Kelele zilikuwa nyingi, draiva ikaondolewa. Mwaka 2016 wakarudi kwa njia nyingine: chipu bandia ikawa inaleta maneno `NON GENUINE DEVICE FOUND!` badala ya data yako. Naelewa hasira ya mwenye kuibiwa kazi yake. Lakini mwanafunzi aliyenunua bodi dukani hana darubini ya kuchungulia ndani ya chipu, na kumzimia kifaa chake ni kumpiga asiyehusika. Ukikutana na FT232 ya zamani yenye namba `0403:0000`, huenda inatoka enzi zile.

Kuna ujumbe mmoja wa Windows unaowachanganya watu: `Device Descriptor Request Failed`, pamoja na Code 43. Unaonekana kama habari ya draiva. Kwa bodi hizi maana yake ni kwamba kompyuta imeona waya umepanda, imeuliza, na jibu halikueleweka au halikuja. Rudi kwenye kebo, kwenye tundu, kwenye bodi yenyewe.

Sasa Linux, ambako nimeona kioja kimoja ninachokipenda. Alikuja binti mmoja na laptopu yenye Ubuntu 22.04. Yeye hakuwa wa "haikubali tu". Kebo kapima, `lsusb` inaonyesha `1a86:7523`, lakini kwenye Arduino IDE, programu ya kuandikia na kupakia kazi kwenye bodi, menyu ya Port (poti, mlango wa kuongelea na bodi) ni ya kijivu, haibonyezeki. Wenzake wenye Windows walikuwa wanamcheka.

Tukafungua `dmesg`, akachomeka bodi. Mstari mmoja ukasema CH341 imeunganishwa kwenye `ttyUSB0`. Kufumba na kufumbua, mwingine ukasema imeachana na `ttyUSB0`. Kati yao kulikuwa na mstari wenye jina `brltty`.

"Fundi, hii ni virusi?"

"Si virusi, mdogo wangu. Ni programu ya watu wasioona."

Ndivyo ilivyo. `brltty` huendesha vifaa vya kusomea maandishi ya nukta nundu kwa vidole. Kuna kifaa cha aina hiyo ambacho ndani yake kina CH340 ileile, kwa hiyo kinajitambulisha kwa `1A86:7523` kama Nano ya elfu kumi na kitu. Ubuntu 22.04 ilikuja na kanuni inayosema: ukiiona namba hii, mkabidhi `brltty`. Basi bodi inachomekwa, draiva ya kweli inaishika, `brltty` inakuja kuinyang'anya, na poti inatoweka kabla hujaiona. Kila mmoja kafanya kazi yake sawasawa na matokeo ni sifuri.

Dawa ya haraka ni `sudo apt remove brltty`, kisha uchomoe bodi na kuichomeka tena. Lakini nilimuuliza kwanza: laptopu hii ni yako peke yako? Kama ni kompyuta ya maabara ambayo kuna mwanafunzi asiyeona anaitumia, usiifute. Tafuta faili la kanuni za udev (sehemu ya Linux inayoamua kifaa kilichochomekwa kipewe nani) za `brltty`, uufunge kwa alama ya `#` ule mstari wenye `1a86/7523`, na vifaa vingine vya nukta nundu viendelee kufanya kazi. Ilikuwa yake. Tukaifuta.

Poti ikaonekana, tukapakia skechi, yaani programu ya bodi, ikaja `Permission denied`. Hii ndogo. Kwenye Ubuntu mtumiaji anatakiwa awe kwenye kundi la `dialout`: `sudo usermod -a -G dialout $USER`, kisha utoke kwenye akaunti na kuingia tena. Kutoka na kuingia ndiko watu wanakosahau. Wengine hufundishana `chmod 777` kwenye `ttyUSB0`. Inafanya kazi hadi uchomoe bodi, halafu unaanza upya, na nani alikuambia maisha ni marefu hivyo.

Poti ikishaonekana na kubaki, kwa asilimia kubwa habari ya USB imekwisha, hata kama skechi bado haipandi. Watu hawaniamini. Wanarudi kufuta draiva na kuiweka tena. Lakini ujumbe wa programu inayopakia skechi, `avrdude: stk500_getsync() attempt 1 of 10: not in sync: resp=0x00`, unasema mkalimani yupo kazini, ila ATmega upande wa pili hajibu. Kwenye Nano sababu ya kwanza ni butiloda, ile programu ndogo inayokaa ndani ya chipu kupokea skechi mpya. Tangu 2018 Nano za Arduino zinatoka na butiloda mpya inayoongea kwa kasi ya 115200; ile ya zamani inaongea kwa 57600, na bodi nyingi za bei nafuu bado zina ya zamani. Nenda Tools, Processor, chagua `ATmega328P (Old Bootloader)`. Kazi imekwisha. Hiyo huwa silipishi, inanifedhehesha kuchukua hela.

Sababu ya pili ni pini 0 na 1. Ndizo njia ya mkalimani, na ndizo wanafunzi wanazopenda kuchomekea moduli za SIM800L (laini ya simu), GPS au HC-05 (Bluetooth) kwa sababu zimeandikwa RX na TX. Wawili hawawezi kuongea na ATmega kwa waya mmoja. Chomoa moduli, pakia skechi, irudishe. Au tumia SoftwareSerial, maktaba inayogeuza pini nyingine kuwa serial, uachane na adha.

Kama bado huna hakika kosa liko upande upi, kipimo hiki napenda kuliko vyote. Unganisha RESET na GND (ile hasi) kwa waya, ATmega inyamaze. Unganisha pini 0 na 1. Fungua Serial Monitor, dirisha la IDE la kuandikiana na bodi, andika "mambo", bonyeza Enter. "Mambo" ikirudi, basi kebo, mkalimani, draiva na poti vyote ni vizima, umevipima kwa pamoja bila kifaa cha ziada. Isiporudi, kosa liko kabla ya ATmega. Wanafunzi hukibishia kipimo hiki kwa sababu hakina programu ya kushusha.

Halafu kuna bodi zinazoonekana vizuri mezani na kupotea zikiingia kazini. Mfumo wa kumwagilia: kihisi cha unyevu, rilei, pampu. Kila pampu ikizima, Windows inalia ule mlio wa kifaa kuchomolewa, na Serial Monitor inaganda. Nimeona mtu kabadilisha laptopu kwa ajili hiyo. Pampu ni koili ya waya, na koili ikikatiwa umeme ghafla hutupa volti kubwa inayorudi kwenye nyaya na kuivuruga USB. Kwa pampu ya DC weka daiodi, 1N4007 inatosha kwa hizi ndogo, sambamba na pampu, mstari wa fedha upande wa chanya. Nyaya za pampu ziwe mbali na kebo ya USB. Na pampu iwe na umeme wake! USB 2.0 inaahidi miliampia 500, na Uno ina fyuzi ya miliampia 500 inayojikata ikipata moto na kujirudisha ikipoa. Ukiona bodi inakufa dakika chache kisha inafufuka yenyewe, gusa ile fyuzi ndogo karibu na tundu la USB. Kama inaunguza kidole, unajua.

ESP32 ina tabia zake. Ikikwama kwenye `Connecting......` shikilia kitufe cha BOOT mpaka uone inaanza kuandika, kisha achia. Bodi hizo zinatakiwa kujibonyeza zenyewe kupitia transista mbili, na zingine haziwahi kwa wakati; kapasita ya mikrofaradi 10 kati ya EN na GND inazitibu nyingi. Ikileta `Brownout detector was triggered` mara tu waifai inapowaka, umeme unashuka. Waifai inavuta ghafla, kebo nyembamba ndefu haiwahi. Weka multimita kwenye pini ya 5V na GND, si kwenye laptopu, ndipo uone kinachofika kweli. Kebo fupi nene imewaponya wengi kuliko draiva yoyote.

Bodi mpya zenye tundu la Type-C: kama inawaka kwa kebo ya A kwenda C na haiwaki kabisa kwa C kwenda C, usiirudishe dukani kwa ugomvi. Mtengenezaji hakuweka rezista mbili za kilo-om 5.1 ambazo chaja au laptopu ya Type-C huzitafuta kabla ya kutoa umeme. Tumia ya A.

Yakishindikana yote, nawasha kioo cha kukuzia. Tundu la micro limeng'oka na njia zake za shaba, hiyo ndiyo kesi ninayoiona zaidi, na kama zimeng'oka na nyuzi za data narudisha bodi bila kuigusa, labda mtu anilipe muda wangu. Kwenye CH340G naangalia kristali ya megahezi 12 kama haijapasuka baada ya kudondoka (CH340C haina kristali ya nje, usiitafute), na kapasita ya pini ya 4, V3, ambayo ikikosekana au lehemu yake ikiwa mbovu, chipu huwaka bila kuongea.

Na chipu yenyewe ikifa, ATmega bado ni nzima. Unachukua Uno nyingine, unapakia skechi ya ArduinoISP iliyo kwenye mifano ya IDE, unaunganisha 11, 12 na 13 kwa 11, 12 na 13, pini ya 10 ya Uno kwenye RESET ya bodi mgonjwa, 5V na GND. Kapasita ya mikrofaradi 10 kati ya RESET na GND ya ile Uno, miguu isipinduke. Kisha Upload Using Programmer. Inafuta butiloda, lakini bodi isiyo na USB butiloda ni ya nini.

Nano moja niliyoipakia hivyo inaendesha mashine ya kutotolea vifaranga ya jirani yangu, inashikilia nyuzi 37.5 bila shida. Juzi kaja anataka aongezewe skrini na kengele. Nimemwambia anunue bodi nyingine. Hiyo nikiifungua tena nitamtoza zaidi ya bei yake.